Arusha hadi Addis Ababa: Upande Ndege KIA au Upitie Nairobi?

Nairobi na Addis Ababa ziko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi uwanja wa Bole wa Addis ni kama kilomita 1,160 kwa mstari ulionyooka, na ndege inatumia muda wa saa mbili hivi. Ndiyo maana mtu wa Arusha akipata safari ya Addis, wazo la kwanza ni Nairobi: panda shato (basi dogo la abiria) asubuhi, vuka mpaka wa Namanga, ingia JKIA, usiku unalala Addis. Ramani nayo inamuunga mkono. Nairobi iko kaskazini mwetu, Addis iko kaskazini mwa Nairobi, na miji yote mitatu imejipanga karibu kwenye mstari mmoja. Kwa jicho la ramani, kupitia Nairobi si kuzunguka hata kidogo.

Lakini ukiacha kilomita ukahesabu saa, mambo yanageuka.

Kutoka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, hadi Bole ni kama kilomita 1,400. Ukilinganisha na JKIA, unaongeza kilomita 240 tu za angani. Jeti ikishatulia juu inakwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo nyongeza hiyo ni ya dakika 20 hivi. Sasa kipande hichohicho kipite chini: Arusha hadi Nairobi kwa barabara ni kilomita zipatazo 270 na mpaka mmoja katikati, na siku nzuri inakula muda wa saa tano au sita. Kwa maneno mengine, anayekwenda Nairobi kwa gari ili apate ndege "fupi" anatoa nusu siku yake kuokoa dakika 20 za hewani. Nairobi iko njiani kwa kilomita. Kwa saa haiko njiani.

Hapo sijasema kwamba Nairobi haifai. Inafaa, kwa baadhi ya watu na baadhi ya siku, na nitazitaja. Ila mtu achague akijua anachokitoa.

Nani anasafiri, na anataka nini

Huku kwetu wasafiri wa Addis ni wa aina nyingi. Wapo wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ilihamia Arusha mwaka 2007, wakati makao makuu ya Umoja wa Afrika yako Addis. Hao huenda vikaoni na kurudi, na siku moja iliyopotea barabarani ni siku ya kazi. Wapo wafanyabiashara wa Moshi na Arusha ambao Addis kwao ni pa kubadilishia ndege tu, kwenda Guangzhou au Dubai. Wapo wagonjwa na ndugu zao wanaoelekea India kwa matibabu. Wapo wanafunzi. Njia inayomfaa kijana mwenye begi moja la mgongoni haiwezi kumfaa mama aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi

Ukipiga hesabu ya kilomita 1,160 kwa mwendo wa jeti utapata kama saa moja na dakika 25, halafu tiketi inakuambia saa mbili. Hujaibiwa. Muda wa tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuishia inaposimama kule iendako, na humo ndani kuna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda taratibu na kushuka taratibu. Nusu saa hiyo ipo katika kila safari ya jeti, iwe fupi au ndefu. Kwa hiyo safari ya moja kwa moja ya KIA–Bole husomeka kama saa mbili na nusu, na ya JKIA–Bole kama saa mbili.

Ukiunganisha ndege mbili, hiyo nusu saa unailipa mara mbili, kabla hata hujahesabu kusubiri uwanjani.

Kwenda na kurudi hakupishani sana. Pepo kali za juu zinazobadilisha muda wa ndege huvuma zaidi kati ya mashariki na magharibi, na safari hii inafuata kusini na kaskazini. Saa ya mkononi pia huigusi, maana Tanzania, Kenya na Ethiopia zote zinatumia majira mamoja. Tena Mhabeshi huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko: akikuambia tukutane saa mbili asubuhi, anamaanisha saa mbili yetu. Tiketi lakini itaandika 08:00, na ukipanga miadi na ofisi ya kimataifa kule Addis, uliza wanatumia hesabu ipi.

KIA: saa chache, ndege chache

KIA iko katikati yetu, kama kilomita 50 kutoka Arusha na 40 kutoka Moshi. Ilifunguliwa mwaka 1971, na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, kwa hiyo ndege kubwa zinatua bila shida. Nia yake ilikuwa wageni wa kaskazini wafike moja kwa moja badala ya kushukia Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, faida ya kuwa na mlango wetu wenyewe ilionekana wazi.

Tuhesabu safari nzima kuanzia mlangoni. Arusha mjini hadi KIA weka saa moja, maana Tengeru na Usa River zina vibao vya mwendo wa 50, na trafiki wako kazini. Moshi weka chini ya hapo kidogo. Fika uwanjani saa mbili na nusu au tatu kabla ya kuruka. Ndege saa mbili na nusu. Bole, uhamiaji na mizigo, weka saa moja. Jumla ni kama saa saba na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo umekaa kivulini na choo kiko karibu. Anayetaka kubana matumizi apande Coaster ya Arusha–Moshi, ashuke njia panda ya KIA, amalizie kilomita chache zilizobaki kwa bodaboda au bajaji. Kwa mzigo mkubwa sishauri.

Ethiopian Airlines ndiyo inayounganisha KIA na Bole. Kabla hujalipa, soma kama tiketi imeandikwa moja kwa moja au ina kituo, kwa sababu ndege yenye kituo hupita uwanja mwingine kwanza, na muda unapanda ingawa wewe hushuki.

Udhaifu wa KIA ni mmoja nao ni wa kweli: ndege ni chache. Ukikosa ya leo, huenda unasubiri hadi kesho. Mkutano ukianza asubuhi na ratiba ya KIA inakufikisha mchana, uwanja ulio karibu na nyumbani haukusaidii kitu.

Namanga: njia ya saa nyingi

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hupanga njia hii kwa kusikia tu.

Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, lami nzuri, Meru ukiiacha nyuma na Longido ikikuja mbele. Barabara nzima ya Arusha–Namanga–Athi River ilizinduliwa mwaka 2012, na wanaoikumbuka ilivyokuwa kabla wanajua tofauti yake. Shato nyingi huondoka asubuhi na mchana. Kuna pia Noah za Namanga, zinazoondoka zikijaa. Unashuka mpakani, unavuka mwenyewe, unatafuta gari la upande wa pili. Kwa mtu mwenye ndege ya kuwahi, Noah ni bahati nasibu, kwa sababu unasubiri gari kujaa mara mbili.

Mpakani kumebadilika sana. Zamani uligonga mhuri upande wetu, ukavuka kwa miguu huku wabadilisha fedha wakikuandama, ukapanga foleni mpya upande wa Kenya. Kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi Desemba 2018 na marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta, na sasa ukitoka Tanzania unakwenda moja kwa moja kwenye jengo la upande wa Kenya. Dirisha moja ofisa wa Tanzania anakugongea kutoka, hatua chache pembeni wa Kenya anakugongea kuingia. Foleni ikiwa fupi, wewe binafsi unamaliza upesi. Ila shato humsubiri abiria wa mwisho. Mmoja akiwa na pasipoti iliyokwisha muda, au na mizigo inayohitaji maelezo, gari zima linakaa juani. Mabasi ya watalii yakitangulia mbele yenu, hesabu saa nzima na usilalamike.

Baada ya mpaka ni kama kilomita 160: Kajiado, Isinya, Kitengela, kisha mnaungana na barabara ya Mombasa pale Athi River. Foleni ya Kitengela ndiyo inayoua hesabu za watu. Jioni na siku za mwisho wa juma, magari ya abiria, malori ya saruji na ya mifugo hubanana pale, na kipande kifupi kinaweza kukula saa nzima.

Jambo moja la kukuokolea muda: ukitokea Namanga, JKIA unaifikia kabla ya mjini. Iko Embakasi, upande huohuo wa barabara ya Mombasa. Mwambie dereva kabla ya kuondoka Arusha kwamba unashukia uwanjani, na hakikisha ofisi ya shato imeliandika hilo. Ukipelekwa hadi katikati ya jiji utalipa teksi kurudi ulikotoka, ukipita foleni mara ya pili. Barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, kutoka Mlolongo hadi Westlands, imepunguza adha kwa mwenye gari binafsi au teksi, lakini usiipangie safari yako ukiwa ndani ya shato ya watu 20.

Hesabu sasa: saa tano hadi sita barabarani kwa siku nzuri, saa tatu uwanjani, saa mbili hewani, saa moja Bole. Hizo ni saa 11 au 12, bila nafasi ya kitu chochote kuharibika. Ongeza saa mbili za tahadhari, maana bila hizo unacheza na tiketi yako, na safari inakuwa ya saa 14. Wengi kwa busara huamua kulala Nairobi, na hapo bei ya chumba inaingia kwenye hesabu ya njia iliyochaguliwa kwa sababu ya unafuu.

Ndege mbili: KIA, Nairobi, Bole

Njia ya katikati ni kuruka KIA hadi Nairobi kisha kuunganisha. Kwa hewa ni kilomita 235 hivi. Kwa ndege za pangaboi kama ATR za Precision Air ni kama dakika 50 hadi saa moja. Ukijumlisha kusubiri JKIA, safari nzima inafika saa 10 au 11. Inashinda barabara, haishindi ndege ya moja kwa moja. Ichukue pale siku yako inapogongana na ratiba ya KIA–Bole. Angalia pia uzito wa mizigo, maana ndege ndogo ya kwanza inaweza kuwa na kiwango cha chini kuliko jeti ya pili.

Tiketi moja au mbili

Hili lina uzito kuliko bei. Ukiwa na tiketi moja kutoka KIA hadi unakokwenda, ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, shirika lina wajibu wa kukutafutia nafasi nyingine. Begi lako nalo, kwa kawaida, linabandikwa lebo hadi mwisho wa safari. Ukija JKIA kwa shato, tairi likapasuka Kajiado, hakuna anayewajibika kwako: wewe umechelewa, tiketi imekufa. Kwa anayekwenda Guangzhou au India, tiketi iliyokufa Nairobi inaweza kuangusha safari nzima inayofuata Bole.

Kwa mgonjwa sitaki hata kulinganisha. Chukua KIA, tiketi moja, omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi na si siku ya safari. Saa sita za kukaa ndani ya shato ukiwa na mshono mbichi ni mateso yasiyo na sababu.

Bei hubadilika kila wiki, kwa hiyo linganisha mwenyewe, lakini linganisha vitu vinavyolingana. Upande wa Nairobi weka nauli ya shato kwenda na kurudi, chakula cha njiani, hasara ya kubadilisha shilingi yetu kwenda ya Kenya, chumba kama utalala, na siku ya kazi iliyopotea kama biashara yako inafungwa usipokuwepo. Tofauti inayobaki baada ya hapo mara nyingi ni ndogo kuliko ile uliyoiona kwenye simu. Familia ya watu watano ni habari nyingine: tofauti ndogo kwa kila kichwa inazidishwa mara tano, na hapo Nairobi inaweza kushinda kwa haki.

Nairobi inapostahili

Nguvu ya Nairobi ni wingi wa ndege. Kati ya JKIA na Bole zinaruka Kenya Airways na Ethiopian Airlines, safari kadhaa kwa siku, kwa hiyo unaweza kuchagua asubuhi au jioni, na ukikosa moja nyingine haiko mbali. Kama una shughuli Nairobi, una mtoto anayesoma kule, au una mahali pa kulala bila malipo, vunja safari mara mbili kwa raha zako. Kama umeitwa ghafla na KIA haina nafasi, panda shato bila kusita, ila panda ya asubuhi.

Mtu wa Moshi afikiri mara mbili zaidi. Kupitia Arusha na Namanga ni kama kilomita 350, na siku inaisha. Kuna njia ya Holili na Taveta hadi Voi, lami, na mpaka wenye kituo cha pamoja tangu 2016. Ni ndefu zaidi kwa kilomita, lakini Voi inasimama treni ya SGR ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na kuishia Syokimau, jirani na JKIA. Naitaja kwa wanaopenda treni. Kwa mtu wa Moshi anayetaka kufika tu, KIA iko karibu kiasi kwamba sioni mjadala.

Moyale

Wapo wanaouliza kuhusu kwenda kwa gari mwanzo mwisho. Inawezekana. Nairobi hadi Addis kwa barabara kupitia Isiolo, Marsabit na Moyale ni zaidi ya kilomita 1,500, na lami ya upande wa Kenya imefika mpakani. Ni sehemu ya barabara kuu ileile ya Cairo hadi Cape inayopita hapa kwetu, ambayo kwa sababu yake Mnara wa Saa wa Arusha husemwa kuwa uko katikati ya miji hiyo miwili. Weka siku tatu kutoka Arusha, nne ukitaka kufika ukiwa na nguvu, na uliza hali ya usalama kusini mwa Ethiopia kabla ya kukata tiketi ya basi. Anayependa nchi na barabara ataipenda. Anayewahi kikao asiiguse.

Karatasi

Namanga wengi wamezoea kuvuka kwa hati ya muda, na kwa Kenya inatosha. Kwa Addis unahitaji pasipoti kamili, na kama unatoka nje ya uwanja, mambo ya viza yamalize ukiwa nyumbani. Anayeunganisha ndege tu bila kutoka Bole hasumbuliwi na viza ya Ethiopia, lakini ahakikishe ile ya anakokwenda.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba, njia yoyote utakayochukua. Kenya na Ethiopia zote zimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na unaporudi Tanzania unaweza kuulizwa. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya safari. Kama ulichanjwa zamani na kadi inaonyesha mwisho wa miaka 10, tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linaitambua kwa maisha yote.

Beba na sweta. Bole iko kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 2,300, KIA haifiki 900, na usiku wa Addis una baridi inayomshangaza hata mtu wa Machame. Ukiruka kutoka KIA kuelekea kaskazini, omba kiti cha dirishani upande wa kulia; asubuhi mapema, kabla mawingu hayajapanda, ndipo Kilimanjaro huonekana vizuri.

Kurudi

Safari ya kurudi ipangie peke yake, usidhani ni ya kwenda iliyogeuzwa. Ndege ikikushusha KIA usiku, kitanda chako kiko chini ya saa moja na nusu, na ndugu anaweza kuja kukupokea. Ikikushusha JKIA usiku, shato zimekwisha, Namanga iko mbali na mzigo uko mikononi, kwa hiyo unalala Nairobi hadi asubuhi. Ukilazimika kurudi kwa njia hiyo, chagua ndege ya Bole inayofika JKIA kabla ya saa tano asubuhi, ili uiwahi shato ya mchana.